Mzunguko wa Krebs unatoa ATP moja tu kwa raundi, sasa hiyo nishati tunayoambiwa iko wapi?

pcb_mkolani

Habari za jioni wakuu. Niko kidato cha sita PCB na pepa haiko mbali, nimekwama kwenye respiresheni ya seli hasa huu mzunguko wa asidi ya sitriki, wengine wanauita wa Krebs. Kukariri nimekariri, ukiniamsha usiku wa manane nakutajia sitrati, isositrati, alfa-ketoglutarati, suksinili-CoA, suksinati, fumarati, malati, oksaloasetati halafu narudi kulala. Shida ni kuelewa. Kila kitabu kinasema huu mzunguko ndo unazalisha nishati kwenye seli, ila ukihesabu unakuta raundi nzima inatoa ATP moja (ile molekuli seli inayoitumia kama sarafu ya nishati), vitabu vingine vinaandika GTP ambayo ni ndugu yake, na glukosi moja inazungusha raundi mbili, kwahiyo ATP mbili. Mbili! Glaikolisisi, ile hatua ya mwanzo ya kuvunja glukosi kuwa piruvati, nayo inatoa mbili na haina makuu yote haya.

Cha pili, nimepitia hatua zote nane sijaona hata sehemu moja oksijeni inaingia, ila tunaambiwa bila oksijeni mzunguko unasimama. Unasimama kwa nini kama hauitumii? Na cha mwisho jumla ya ATP ni 38, 36, 32 au 30, maana kila desa lina namba yake. Naombeni mtu anieleweshe kwa Kiswahili cha kawaida.

Kiazi Kitamu

Dogo pole sana. Sisi tulikariri tukafaulu tukasahau, leo nauza misumari na bati na hajawahi kutokea mteja akaniulizia fumarati hahaha. Ngoja nikae hapa pembeni nisubiri wataalamu.

Mzee wa Maabara

Dogo maswali yako yamekaa vizuri, na hilo la pili ndo la kuanza nalo kichwani, ukilielewa hilo la kwanza linajijibu.

Kwanza hii lugha ya "mzunguko unazalisha nishati" ndo inayowapoteza watu. Nishati ilishakuwemo kwenye chakula, ipo kwenye elektroni za zile haidrojeni zilizoshikana na kaboni. Mzunguko unachofanya ni kuzivua hizo elektroni hatua kwa hatua na kuzikabidhi kwa mbebaji. Mbebaji mkuu ni NAD+, akishapokea tunamwita NADH, na mwingine ni FAD ambaye akipokea anakuwa FADH2. Mavuno ni hao wabebaji waliojaa, hiyo ATP moja unayoililia ni ya pembeni tu.

Tuipitie tena, safari hii usitazame majina, tazama kaboni na nani anavuliwa. Asetili-CoA, kile kipande kinachotokana na piruvati, inaleta kaboni 2, oksaloasetati ina 4, zinaungana kuwa sitrati ya kaboni 6. Sitrati inageuzwa isositrati na hapo watu wanajiuliza hatua hii ya nini maana hamna kinachovunwa, sasa angalia mchoro wake, ile OH ya sitrati imekaa kwenye kaboni ya katikati ambayo yenyewe haina haidrojeni, kwahiyo hapo hakuna cha kuvua. Kimeng'enya akonitesi kinaihamisha ile OH kwenda kaboni ya jirani yenye haidrojeni, na hapo ndo inavulika. Basi isositrati inavuliwa, NADH ya kwanza, kaboni moja inatoka kama kaboni dayoksaidi, tumebaki na 5. Alfa-ketoglutarati nayo hivyohivyo, NADH ya pili, kaboni nyingine nje, tumebaki na 4. Suksinili-CoA ikiachia CoA ndo unapata GTP yako au ATP inategemea na tishu. Suksinati kwenda fumarati unapata FADH2. Maji yanaingia kwenye fumarati inakuwa malati, malati inavuliwa, NADH ya tatu, na oksaloasetati amerudi pale pale kusubiri asetili nyingine.

Kwahiyo raundi moja ni NADH 3, FADH2 1, GTP 1 na kaboni dayoksaidi 2.

Wale wabebaji wanakwenda kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Elektroni zinashuka kutoka protini moja kwenda nyingine na kila zinaposhuka protoni zinasukumwa kwenda upande wa pili wa utando, elektroni mbili za NADH zinasukuma protoni 10, za FADH2 zinasukuma 6 kwa sababu zenyewe zinaingilia mbele kidogo na zinaruka pampu ya kwanza. Protoni zikishajaa upande ule zinataka kurudi, na njia yake ni ATP sinthesi, protini ambayo inazunguka kweli, sio maneno ya mdomoni, Boyer na Walker walipata Nobeli ya kemia 1997 kwa kueleza inavyounganisha ATP. Ukiweka na gharama ya kuingiza fosfeti na kutoa ATP nje, kila ATP inakula kama protoni 4. Sasa gawanya, 10 kwa 4 ni 2.5, 6 kwa 4 ni 1.5. Ndo thamani ya NADH na FADH2 kwenye vitabu vya sasa.

Raundi moja basi ni 7.5 jumlisha 1.5 jumlisha 1, ATP 10. Raundi mbili 20. Kwenye jumla ya 30 au 32 za glukosi nzima, theluthi mbili zimetoka kwenye mzunguko uliosema unatoa mbili.

Sasa oksijeni. Elektroni zikifika mwisho wa ule mnyororo lazima awepo wa kuzipokea, na mpokeaji ni oksijeni, inazichukua pamoja na protoni inakuwa maji. NAD+ kwenye seli ni kidogo sana, inabidi itumike tena na tena. Chukulia ni bodaboda wachache wa kijiwe kimoja, wanabeba abiria pale kwenye mzunguko wanawashusha kwenye utando wanarudi tupu. Oksijeni ikikosekana abiria hawashuki, boda zote zimekaa na watu mgongoni, kijiweni hamna hata moja iliyo tupu, isositrati anasimama tu na elektroni zake hana wa kumpa. Hapo mzunguko umesimama bila oksijeni kuigusa hata hatua moja ya ndani yake.

Glaikolisisi inaponea kwa sababu yenyewe ina pa kutupia, piruvati inapokea zile haidrojeni inakuwa lakteti na NAD+ inarudi. Mzunguko hauna mlango wa namna hiyo. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, zinaishi kwa glaikolisisi na lakteti maisha yake yote, na ndo hizohizo zimebeba oksijeni ya mwili mzima, zenyewe haziigusi.

pcb_mkolani

Mzee wa Maabara aisee Mungu akubariki, hapo kwenye OH ya sitrati nimechora sasa hivi nikaona kweli. Sasa nimejaribu kuhesabu mwenyewe kimetokea kitu. Glukosi ni C6H12O6, haidrojeni 12. Ila nikijumlisha wabebaji wote, glaikolisisi NADH 2, piruvati kwenda asetili-CoA NADH 2, mzunguko NADH 6 na FADH2 2, jumla 12, kila mmoja ana haidrojeni mbili ukihesabu na ile H+ inayoambatana na NADH, zinakuwa 24. Hizo 12 za ziada zimetoka wapi?

Mzee wa Maabara

Hahaha dogo wewe utafika mbali, watu wanamaliza chuo hawajauliza hilo.

Zimetoka kwenye maji. Mahesabu ya mwisho kabla ya kufika kwenye oksijeni ni haya, glukosi moja na maji sita vinatoa kaboni dayoksaidi sita na haidrojeni 24. Maji yanaingia njiani, ile ya fumarati kwenda malati umeiona kwa macho, nyingine zimejificha kwenye hatua kama ile ya kuunganisha sitrati. Halafu wabebaji 12, kila mmoja anamalizwa na nusu ya molekuli ya oksijeni, 12 mara nusu ni 6. Ndo zile oksijeni 6 ulizokuwa unaziandika kwenye mlinganyo tangu kidato cha pili bila kujua zinaingia wapi. Maji yanayotengenezwa ni 12, toa 6 yaliyotumika, yanabaki 6 kama mlinganyo unavyosema.

Na hapo kuna jambo wengi hawalijui. Ile oksijeni unayoivuta puani haiishii kwenye kaboni dayoksaidi unayotoa. Oksijeni ya kaboni dayoksaidi imetoka kwenye chakula na kwenye maji yaliyoingia njiani, ile uliyovuta imeishia kuwa maji.

mwl_wa_zamu

Niongezee kwenye swali la namba maana hili kila mwaka linaleta ugomvi darasani. 36 na 38 ni hesabu ya zamani, walichukua NADH ni ATP 3 na FADH2 ni 2, namba nzima nzima. 30 na 32 ni ya 2.5 na 1.5 kama Mzee alivyoonesha. Tofauti ya mbili mbili ndani ya kila jozi inatokana na zile NADH 2 za glaikolisisi, zenyewe zimezaliwa nje ya mitokondria na NADH haivuki utando, inabidi elektroni zake zipitishwe kwa njia ya kuzunguka. Kwenye ini na moyo njia iliyopo haipotezi kitu, kwenye misuli mingi na ubongo inayotumika sana inawakabidhi FAD ndani kwahiyo unapoteza kidogo. Kwenye mtihani mdogo wangu usitupe namba peke yake, andika umetumia thamani ipi halafu onesha jumla, msahihishaji akiona hesabu imekaa sawa hana pa kukushika.

Bint Kilwa

Mimi swali langu ni la historia. Haya mambo hayaonekani hata kwa darubini, sasa huyo Krebs alijuaje kwamba ni mzunguko na sio mstari mnyoofu tu?

mwl_wa_zamu

Bint Kilwa hapo ndo patamu na vitabu vya shule vinaparuka.

Hans Krebs alikuwa daktari wa Ujerumani. 1932 akiwa na Kurt Henseleit alishagundua mzunguko mwingine, ule wa ini kutengeneza urea, kwahiyo wazo la mzunguko kichwani alikuwa nalo. 1933 Wanazi wameshika nchi, yeye ni Myahudi, akaondolewa kazini, akakimbilia Uingereza, Cambridge kwanza halafu Sheffield. Huko na mwanafunzi wake William Johnson walikuwa wanasaga nyama ya kifua cha njiwa. Kwa nini njiwa, kwa sababu ule ni msuli wa kurukia, unakula oksijeni kwa kasi mno hata ukishasagwa. Wanauweka kwenye kichupa kilichofungwa wanapima hewa inavyopungua.

Kabla yao Szent-Györgyi wa Hungaria alishaona kitu cha ajabu, ukiongeza fumarati kidogo au malati au oksaloasetati kwenye nyama ile, oksijeni inayoliwa ni nyingi kuliko inayohitajika kuichoma hiyo fumarati uliyoweka. Maana yake fumarati haiishi, inasaidia kingine kuungua halafu inarudi. Krebs akaona sitrati nayo inafanya hivyohivyo, na akaona ukiipa nyama oksaloasetati inatengeneza sitrati.

Kilichomaliza ubishi kwangu mimi ni malonati. Hii ni sumu inayoziba hatua moja tu, ya suksinati kwenda fumarati. Ukiweka malonati halafu ukaongeza fumarati, yani kitu kilichoko mbele ya pale palipozibwa, suksinati inajaa kwenye kichupa. Suksinati iko nyuma ya kizibo! Kurudi kinyumenyume njia imefungwa, kwahiyo fumarati imefikaje huko? Imepita upande wa pili, ikawa malati, oksaloasetati, sitrati, ikashuka mpaka suksinati ikakwama. Mstari mnyoofu hauwezi kukupa hivyo.

Juni 1937 akapeleka taarifa yake jarida la Nature, wakamrudishia wakasema barua walizonazo zinawatosha kwa wiki kadhaa. Akaichapisha kwenye jarida la Enzymologia. 1953 akapata Nobeli pamoja na Fritz Lipmann aliyegundua hiyo CoA. Na kumbuka 1937 Krebs hakuwa anajua kile chenye kaboni mbili kinachoungana na oksaloasetati ni kitu gani hasa, asetili-CoA ilikuja kutambulika 1951 na Feodor Lynen. Alichora mzunguko na mlango wake wa kuingilia ukiwa haujulikani.

Nesi wa Zamu

Mimi niwaletee upande wa wodini maana huku huu mzunguko tunauona ukigoma, sio kwenye karatasi.

Mgonjwa wa kisukari ambaye insulini imeisha kabisa mwilini anakuja anahema kwa nguvu, pumzi ndefu za haraka, ukimkaribia mdomo unasikia harufu ya asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Sukari kwenye damu imejaa ila seli haziingizi, mwili unaona njaa unavunja mafuta kwa fujo. Mafuta yanakuwa asetili-CoA nyingi sana kwenye ini. Sasa rudini kwenye mchoro wa dogo, asetili-CoA ili iingie lazima ampate oksaloasetati, na ini muda huo linamchukua oksaloasetati kwenda kutengeneza sukari nyingine, kana kwamba iliyopo haitoshi. Asetili imefika mwenyeji hayupo. Zinaunganishwa mbilimbili zinakuwa ketoni, ketoni ni asidi, damu inachachuka, na mwili unahema vile kujaribu kuitoa asidi kwa njia ya kaboni dayoksaidi. Mtu wa hivyo sio wa kumpa soda wala dawa ya mitishamba, ni wa kumkimbiza hospitali saa hiyohiyo.

Kingine ni vitamini. Watu wananunua vidonge vya vitamini B wanasema vinaongeza nguvu. Vitamini B haina nguvu ndani yake, ila vibebaji na vimeng'enya vya huu mzunguko vinatengenezwa nazo, B3 iko ndani ya NAD, B2 ndani ya FAD, B5 ndani ya CoA, na B1 inahitajika piruvati kuingia na tena kwenye alfa-ketoglutarati. Ukiwa nazo za kutosha kuongeza hakukupi kitu, ukizikosa ndo utajua, mlevi wa muda mrefu asiyekula akipewa dripu ya glukosi bila B1 kwanza unaweza kumuumiza ubongo.

Na mihogo michungu ambayo haijalowekwa vizuri, ile sumu ya sianidi inashika protini ya mwisho pale elektroni zinapokabidhiwa oksijeni. Oksijeni kwenye damu ipo ila haipokei kitu, mambo yanarudi kwenye boda za Mzee wa Maabara.

pcb_mkolani

Dada Nesi asante sana, ketoni nilikuwa nimeikariri kwenye mada nyingine kabisa sikujua inakutana na huku. Kwahiyo mafuta hayawezi kugeuzwa oksaloasetati kuziba hilo pengo?

mwl_wa_zamu

Kwa binadamu hapana, hesabu kaboni mwenyewe, asetili inaingia na kaboni 2 na kabla hujafika oksaloasetati kaboni 2 zimeshatoka, faida sifuri. Ila mbegu ya karanga au ufuta inapoota inageuza mafuta yake kuwa sukari, zina njia ya mkato inayoruka zile hatua mbili za kutoa kaboni dayoksaidi, njia hiyo Krebs huyohuyo na Kornberg waliieleza 1957. Sisi hatuna.

Kiazi Kitamu

Swali la mtu wa mtaani. Hii asidi ya sitriki si ndo ile ya kwenye ndimu? Mama watoto kila asubuhi ananinywesha maji ya moto na ndimu anasema yanaamsha seli, kwahiyo inaingia kwenye mzunguko moja kwa moja nguvu zinaongezeka?

Mzee wa Maabara

Kiazi ni yenyewe, na ikiingia mwilini inachomwa kama chakula kingine, ila nusu ndimu haina hata gramu mbili za hiyo asidi, nguvu utakayosikia ni ya sukari uliyokorogea. Halafu mzunguko haukimbizwi kwa kuongeza malighafi. Ukiwa umekaa dukani ATP na NADH zimejaa, zenyewe zinavipunguza kasi vimeng'enya vya mle ndani. Nyanyua mifuko ya saruji ADP, yani ATP iliyokwisha kutumika, ipande, uone unavyozunguka. Mwambie shemeji aendelee tu, maji ya moto hayana ubaya.

Sitrati ya kuogopa ni nyingine. Afrika Kusini kuna mmea unaitwa Dichapetalum cymosum, Makaburu wanauita gifblaar, unaua sana ng'ombe. Una fluoroasetati, yani asetati iliyowekewa florini sehemu ya haidrojeni moja. Seli haishtuki, inaivalisha CoA inaiunganisha na oksaloasetati kama kawaida, inatoka fluorositrati, na hiyo ikifika kwa akonitesi, kile kimeng'enya cha kuhamisha OH, inakiziba. Sumu yenyewe seli ndo imeitengeneza kwa mikono yake.

pcb_mkolani

Kwahiyo hapo NAD+ tupu zipo za kutosha, oksijeni ipo, ila isositrati haiji?

Mzee wa Maabara

Ndio. Sitrati inajaa kwenye tishu, na ng'ombe akipelekwa kunywa maji au akikimbizwa ndo anaanguka, moyo hauna ATP ya kuongeza kasi.